Picha Iliyoungua kwa Kusudi

Katika enzi za mkanda, neno moja la fundi wa studio lilitosha kumwinamisha mteja kichwa: "Imeungua." Fundi aliuinua mkanda uliokwisha kusafishwa mbele ya dirisha, akaona weusi mtupu mahali palipopaswa kuwa na watu, akatoa hukumu hiyo. Mkanda ulikuwa umepokea mwanga kupita kiasi, ama kwa kuwa kamera ilifunguliwa kabla mkanda haujarudishwa ndani ya kopo lake, ama kwa kuwa mpiga picha alikadiria vibaya ukali wa jua. Harusi au mahafali yalikuwa yamekwisha, wala hayakuweza kurudiwa.

Makala haya yanahusu picha za namna nyingine, yaani zile ambazo mpiga picha ameziunguza mwenyewe, kwa kiasi alichokipima na kwa sababu anayoijua. Watu wengi hudhani kwamba kwa kila tukio kipo kipimo kimoja tu cha mwanga kilicho sahihi, na kwamba kukizidi kipimo hicho ni kosa. Fizikia ya mwanga na kemia ya fedha hazisemi hivyo. Zinalosema ni kwamba mara nyingi mwanga wote wa tukio hauwezi kuingia katika picha moja, na kwa hiyo hapana budi kitu fulani kiachwe. Linalobaki ni kujua nani atachagua cha kuachwa: mtu aliyeishika kamera, au chombo kilichomo ndani yake.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kiasi cha mwanga kinachoupata mkanda ni zao la mambo mawili: ukali wa mwanga unaopenya lenzi, na muda ambao mwanga huo unaruhusiwa kupenya. Ukali hurekebishwa kwa kupanua au kufinya tundu la lenzi. Muda hurekebishwa kwa shata, yaani kile kilango kidogo kinachofunguka na kufungika kwa sehemu ya sekunde. Kwenye pete ya lenzi nyingi zimeandikwa namba 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Mwanafunzi anayeziona kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba namba hizi hazipandi kwa kiasi sawa, na kwamba namba kubwa ndiyo yenye tundu dogo. Sababu ni ya kihesabu. Kila namba ni uwiano kati ya urefu wa fokasi ya lenzi na kipenyo cha tundu, na eneo la tundu hutegemea mraba wa kipenyo. Ili eneo lipungue kwa nusu, kipenyo hakigawanywi kwa 2 bali kwa kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni takribani 1.4. Zidisha 2.8 kwa 1.4, utapata karibu na 4. Zidisha 4 kwa 1.4, utapata 5.6, na kuendelea.

Kutoka namba moja kwenda inayofuata, basi, mwanga hupungua kwa nusu, na kurudi nyuma ni kuuzidisha mara mbili. Tofauti hiyo tutaiita hatua. Hatua 1 ya ziada ni mwanga mara 2, hatua 2 ni mara 4, hatua 3 ni mara 8. Jicho la binadamu huyaona mabadiliko haya ya kuzidisha kana kwamba ni ngazi zilizo sawa, na ndiyo maana wapiga picha huhesabu kwa hatua badala ya kuhesabu kwa kujumlisha.

Kwa wale wasiokuwa na chombo cha kupimia, ilikuwapo kanuni nyepesi ambayo hata leo haijapoteza thamani. Jua likiwa wazi bila wingu, weka tundu kwenye 16, na muda uwe sekunde 1 ikigawanywa kwa namba ya wepesi wa mkanda. Mkanda wa ISO 100 hupewa 1/100 ya sekunde, au 1/125 iliyo karibu nayo kwenye kamera. Kanuni hiyo haitazami kitu kinachopigwa picha. Inautazama mwanga unaokiangukia. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na ndiyo itakayotupeleka kwenye kiini cha jambo.

Kipimamwanga kilichojengwa ndani ya kamera hufanya kinyume: hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu. Ni chombo kitiifu, lakini hakijui kinatazama nini. Hakiwezi kutofautisha kitu cheupe kilicho kivulini na kitu cheusi kilicho juani, kwa sababu huenda vyote viwili vinarudisha mwanga ule ule. Kwa kuwa hakijui, waundaji wake walikipa dhana moja ya kushikamana nayo: kwamba vitu vyote vilivyomo mbele ya lenzi, vikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani. Kadi ya kijivu wanayoitumia wapiga picha kwa kulinganishia hurudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Elekeza chombo kwenye lundo la chumvi, nacho kitaagiza picha ambayo chumvi yake ni ya kijivu. Kielekeze kwenye lundo la makaa, nayo makaa yatatoka ya kijivu. Vyombo vya siku hizi vimefundishwa kubahatisha vizuri zaidi, na vingine hutambua kwamba kilicho mbele ni uso wa mtu. Hata hivyo, mwelekeo wa kuvuta kila kitu kwenye wastani haujatoweka.

Sasa tumsimamishe mwanafunzi wa kidato cha nne, mwenye ngozi nyeusi na shati jeupe la shule, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Tuseme ukuta unarudisha asilimia 80 ya mwanga, na uso wake asilimia 10. Hizi ni namba za kukadiria, lakini haziko mbali na hali ilivyo. Uwiano wa ukuta kwa uso ni 8 kwa 1, yaani hatua 3. Ukuta ndio unaoijaza sehemu kubwa ya picha, na kipimamwanga kitauchukulia kuwa kijivu. Kitaagiza mwanga upunguzwe mpaka asilimia 80 ishuke mahali pa asilimia 18, yaani upunguzwe kwa kiasi cha mara 4.4, hatua 2 na kidogo. Uso nao utashuka pamoja na ukuta. Asilimia 10 ikigawanywa kwa 4.4 ni asilimia 2.3 hivi, na hicho ni kiwango cha makaa. Picha itatoka na ukuta wa kijivu, shati la kijivu, na juu ya shati kivuli chenye umbo la kichwa.

Mpiga picha akiongeza hatua 2, ukuta utarudi kuwa mweupe na uso utarudi karibu na asilimia 10 yake. Hapo ameusahihisha tu ujinga wa chombo. Lakini huenda jua ni la saa sita, paji la uso linang'aa na macho yamo katika shimo la kivuli. Huenda anataka yaonekane macho hayo, na mstari wa kidevu, na lile kovu dogo la utotoni juu ya unyusi. Basi ataongeza hatua ya 3. Uso sasa unakaa kwenye kijivu cha katikati, mahali ambapo mkanda au kihisi hubeba tofauti ndogo ndogo kwa uaminifu mkubwa zaidi. Ukuta unavuka asilimia 100, nao unaungua. Nyuzi za shati zinaungua. Nyufa za chokaa, kijiti cha mtambaazi kilichokuwa kikipanda pembeni, vyote vinakwenda. Hatua mbili za kwanza zilikuwa hesabu. Hatua ya tatu ni uamuzi: mpiga picha ameamua kwamba ukuta si kitu, na uso ndio kitu.

Tunaikuta hasara ya kutoufanya uamuzi huo katika picha nyingi za zamani za mashule: safu za mashati meupe yaliyopigwa pasi vizuri, kila kifungo kikihesabika, na juu ya kila ukosi giza. Walimu na wanafunzi waliosimama pale hawakuwa giza. Chombo kiliyapima mashati.

Wala kosa hilo halikuishia kwenye kipimamwanga. Maabara za kusafishia picha za rangi, kuanzia miaka ya 1950, zilisawazisha mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi ya mwanamke huyo ikitoka vizuri, mtambo ulihesabiwa kuwa sawa. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2009, ameeleza kwamba kampuni ya Kodak ilipokuja kuboresha uwezo wa mikanda yake wa kutofautisha rangi za kahawia, msukumo mmoja ulitoka kwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao hawakuridhika na jinsi bidhaa zao zilivyoonekana katika matangazo. Kadi zenye nyuso za watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Katika muda wote huo, mpiga picha wa Kiafrika aliyetaka uso wa mteja wake uonekane alikuwa na dawa moja iliyo karibu: kuongeza mwanga, na kukubali kwamba vyeupe vitaungua.

Mwanga huo wa ziada haukutumika kwa wema tu. Nchini Afrika Kusini, wakati wa utawala wa ubaguzi, kamera ya Polaroid aina ya ID-2, iliyotoa picha papo hapo, ilitumika katika kutengeneza vitabu vya pasi ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo. Kamera hiyo ilikuwa na kitufe cha kuongezea nguvu ya flashi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua biashara hiyo na kuanzisha upinzani dhidi yake. Mwaka 1977 kampuni ikaacha kuuza bidhaa zake Afrika Kusini. Mwanga ambao katika studio humpa mtu uso wake, katika ofisi ya pasi ulimpa askari njia ya kumtambua.

Turudi kwenye kemia. Mwanga unaweza kuongezwa hatua ngapi kabla picha haijapotea kabisa? Jibu hutegemea kitu kinachoupokea.

Mkanda wa picha ni tabaka jembamba la jelatini lililotawanywa fuwele ndogo sana za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Chembe ya mwanga, yaani fotoni, ikiigonga fuwele, huweza kufungua elektroni moja. Elektroni hiyo huungana na ioni ya fedha na kuifanya atomu. Atomu kama 4 zikikusanyika mahali pamoja, fuwele imekwisha kupata alama. Jicho haliwezi kuiona alama hiyo, lakini dawa ya kusafishia huitambua: hushika hapo na kuigeuza fuwele nzima, yenye ioni za fedha kwa mabilioni, kuwa fedha nyeusi. Ndiyo maana penye mwanga mwingi negativi huwa nyeusi zaidi.

Mwaka 1890 wanakemia wawili wa viwandani huko Uingereza, Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, walitangaza jinsi ya kuupima weusi huo. Walikuwa wapiga picha wa burudani waliochoshwa na kubahatisha. Walichora grafu: kwenye mhimili mlalo waliweka logarithi ya kiasi cha mwanga, na kwenye mhimili wima waliweka uzito wa weusi, ambao nao ni logarithi. Uzito wa 0.3 huruhusu nusu ya mwanga kupita. Uzito wa 1 huruhusu sehemu 1 katika 10. Uzito wa 3, sehemu 1 katika 1,000. Mstari walioupata una umbo linalofanana kwa mikanda yote. Chini kuna unyayo, mahali ambapo mwanga ni haba na mkanda haujaamka. Katikati mstari unapanda moja kwa moja. Juu unainama na kulala kama bega.

Bega hilo ndilo linalotuhusu. Fikiria matone ya kwanza ya mvua kwenye uwanja mkavu. Kila tone linaacha doa jipya, na idadi ya madoa inalingana na idadi ya matone. Baada ya muda, matone mengi huanguka mahali palipokwisha lowa, na ingawa mvua ni ile ile, uwanja haubadiliki upesi kama mwanzo. Mwishowe umelowa wote. Fuwele za mkanda zina idadi yake. Zikikaribia kupata alama zote, fotoni mpya huzikuta zimekwisha gongwa. Kwa sababu hiyo mkanda wa negativi hauungui kwa ghafla. Mawingu na kuta nyeupe husongamana taratibu kwenye bega, na tofauti zake hufifia kidogo kidogo badala ya kukatwa. Mikanda mingi ya negativi huvumilia hatua 2 au 3 za ziada na bado ikatoa picha nzuri. Mkanda wa slaidi hauna uvumilivu huo. Nusu ya hatua hudhihirika.

Hapa mwanafunzi ajihadhari na dhana moja. Negativi iliyopewa mwanga mwingi si lazima itoe picha iliyofifia. Wakati wa kuchapa, fundi hurefusha muda wa taa ya kuchapia, na weusi wa uso au weupe wa ukuta hurudi alikotaka yeye. Mitambo ya maabara hufanya hivyo yenyewe. Mtu akiuongezea mkanda hatua moja ili picha ielee katika weupe, kisha akaupeleka kwa fundi bila neno, atarudishiwa picha ya kawaida na ataona hila yake haikufanya kazi. Uamuzi wa kuzidisha mwanga katika negativi hukamilishwa katika chumba cha giza.

Chumba hicho pia ndicho kilichowapa wapiga picha njia ya kulikabili jua la utosini. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, tofauti kati ya uwanja unaowaka na kivuli cha mwembe ni kubwa mno. Hapo mpiga picha huongeza hatua moja ili kivuli kipate mwanga wa kutosha, kisha hupunguza muda wa kusafisha mkanda, kwa mfano kwa robo hivi. Sehemu za kivuli haziathiriki sana kwa kupunguzwa huko, maana fuwele zilizopata alama ni chache na dawa huzimaliza mapema. Sehemu za jua ndizo zinazozuiwa kupanda. Ansel Adams na Fred Archer, wapiga picha wa Marekani, waliupanga ujuzi huu kuwa mfumo wa kanda za mwanga mnamo mwaka 1940, na mfumo huo umefundishwa tangu wakati ule.

Kihisi cha kamera ya dijitali, na cha simu, hakina bega. Kila pikseli ni kama ndoo inayokusanya elektroni. Mwanga ukiongezeka mara mbili, elektroni huongezeka mara mbili, mpaka ndoo ijae. Ikijaa, imejaa. Kifaa kinachohesabu kwa biti 14 kina ngazi 16,384. Kinachopita hapo huandikwa kuwa ngazi ile ile ya mwisho, na hakuna programu inayoweza kurudisha ambacho hakikuandikwa. Mpaka wa weupe huo huwa mkali kama ukingo wa karatasi. Tena ndoo za nyekundu, kijani na buluu hazijai pamoja. Katika ngozi ya binadamu nyekundu ndiyo hujaa mapema, na hapo paji la uso huota baka la rangi ya manjano lisilofanana na kitu chochote cha asili. Kwa maoni yangu, baka hilo ndilo linalofanya picha nyingi za simu zilizoungua zionekane za hovyo, wakati picha za mkanda zilizopewa mwanga ule ule zinaonekana kama zimekumbukwa badala ya kupigwa.

Hata hivyo kihisi kina sababu yake ya kupenda mwanga mwingi. Fotoni hufika bila mpangilio, na mtikisiko wa hesabu yake ni kipeuo cha pili cha idadi. Pikseli iliyopata fotoni 10,000 hutikisika kwa 100, yaani asilimia 1. Iliyopata 100 hutikisika kwa 10, yaani asilimia 10, na mtikisiko huo ndio chengachenga tunazoziona gizani. Kwa hiyo mpiga picha mwangalifu hujaza ndoo mpaka karibu na ukingo bila kuzimwaga, kisha huirudisha picha kwenye giza lake wakati wa kuihariri. Huko ni kuzidisha mwanga kwa ajili ya usafi. Anayezimwaga kwa makusudi anatafuta kitu kingine.

Anachotafuta huwa ni nafasi. Jahazi lililopigwa saa saba mchana juu ya maji yaliyotulia, kwa hatua 2 za ziada, hupoteza bahari na mbingu kwa pamoja. Hubaki mlingoti, tanga, na watu watatu kama herufi kwenye ukurasa. Uso uliopewa mwanga mwingi mbele ya shuka jeupe hupoteza mashavu na kubaki na macho, pua na midomo. Katika picha za namna hii hapana budi kitu kimoja kibaki cheusi kwelikweli, hata kama ni kope tu, la sivyo mtazamaji hataona mwanga. Ataona karatasi iliyochakaa. Anayeanza husahau jambo hili mara nyingi.

Mng'ao unaozunguka vitu katika picha hizo nao una fizikia yake. Mwanga mkali hupenya tabaka la fedha, hufika mgongo wa mkanda, hurudi kama kwenye kioo na kuzigonga fuwele za pembeni. Viwanda hupaka mgongoni tabaka la rangi ili kuuzuia. Mkanda wa infraredi wa Kodak ulioitwa HIE haukuwa na tabaka hilo, na miti yake huonekana imevaa moshi.

Mtu aliyeipeleka fikra hii mbali ni Hiroshi Sugimoto, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1948. Kuanzia miaka ya 1970 aliweka kamera kubwa katika majumba ya sinema nchini Marekani, akafungua shata senema ilipoanza na kuifunga ilipokwisha. Senema huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde. Katika saa 2 hupita fremu 172,800. Zote ziliangukia mahali pamoja pa mkanda. Katika picha iliyochapwa, pazia la sinema ni mstatili mweupe usio na kitu, na mwanga wake ndio uliochora nakshi za kuta, dari na safu za viti vilivyokuwa gizani. Kila kisa kilichosimuliwa usiku ule kimo katika weupe huo na hakuna hata kimoja kinachoonekana. Wanafizikia wataongeza kwamba katika muda mrefu hivyo kanuni ya zao la ukali na muda hulegea: mkanda hupungukiwa na wepesi mwanga unapokuja kwa uchache. Mwanafalaki Mjerumani Karl Schwarzschild alilichunguza jambo hilo mwishoni mwa karne ya 19, alipokuwa akipima nyota kwa picha.

Mwisho wa njia ya kuzidisha mwanga ni mahali pa ajabu. Mwaka 1939, katika bonde la Owens huko California, Ansel Adams aliyetajwa juu alipiga picha ya mandhari huku jua lenyewe limo ndani ya picha. Mwanga wa jua ulikuwa mwingi kiasi cha kupita hata bega la Hurter na Driffield. Ukizidi kiasi hicho, mstari wa grafu hauendelei kulala, huanza kushuka. Huelezwa kwamba bromini inayotolewa kwa wingi na fuwele huzila atomu za fedha zilizojipanga juu yake, na dawa ya kusafishia haioni tena alama. Mahali pa jua negativi ilitoka angavu, na katika picha iliyochapwa jua ni duara jeusi, likiwaka juu ya nchi yenye nuru. Picha hiyo hujulikana kwa jina la Jua Jeusi. Isichanganywe na zile za Man Ray na Lee Miller, waliokuwa wakiwasha taa katikati ya kusafisha picha. Huo ni mchezo mwingine wenye kanuni zake.

Shule isiyo na chumba cha giza inaweza kulichunguza jambo hili kwa simu moja. Zima kwanza uwezo wa simu wa kuchanganya picha kadhaa kuwa moja, ambao kwa kawaida huandikwa HDR, kama simu inaruhusu. Msimamishe mwanafunzi mmoja mwenye shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, kwenye kivuli cha baraza. Tafuta alama ya kuongeza na kupunguza mwanga, kisha piga picha 6 bila kusogea: kwa kupunguza hatua 2, kupunguza 1, bila badiliko, kuongeza 1, kuongeza 2, na kuongeza 3 kama simu inafika huko. Wanafunzi waandike katika jedwali ni hatua ya ngapi nyuzi za shati zilitoweka, ni ya ngapi mpaka kati ya shati na ukuta ulipotea, na ni ya ngapi mboni ilitengana na weusi wa jicho unaoizunguka. Warudie zoezi mbele ya ubao mweusi na walinganishe. Baada ya hapo picha mbili bora ziwekwe kando kwa kando, na darasa lijadili ni ipi itumwe kwa mama wa mwanafunzi aliyesimama pale, na ni kitu gani kilichounguzwa ili aweze kuonekana.